Mama Pimbi na Kifaru Aliyeuza Pumzi ya Chemchemi

Pa!

Kimya. Halafu tena: pa!

Mmesikia? Msiniambie ni mlango, mlango nimeufunga mwenyewe na kinu nimekiegemeza nyuma yake. Wala si panya. Usiku wa manane watu wamelala, kitu kinasema pa, kinanyamaza, kinasema pa. Mimi sauti hiyo naijua, na kwa kuwa naijua naogopa, na kwa kuwa naogopa silali, na kwa kuwa silali basi na ninyi hamlali, sogeeni hapa, mpeni huyo mdogo pembe ya kanga ajifunike, niwaambie inatoka wapi. Lakini kwanza tukubaliane.

Niseme nisiseme?

— Sema!

Nikisema, mtasema?

— Hatusemi!

Wakiuliza nani kasema?

— Si sisi!

Haya. Ni wanyama tu hawa, eh? Wanyama tu. Sijataja mtu.

Hapo kale, wala si kale sana maana mabomba yalikuwepo, palikuwa na nchi ikiitwa Uwanda wa Upepo. Upepo wake haukuwa na adabu, vuu! unamrudisha Kanga alikotoka. Jua lake halikuwa na huruma. Na maji yake yalikuwa mahali pamoja tu, chemchemi iliyotoka chini ya jabali, bu-bu-bu, bu-bu-bu, mchana na usiku.

Chemchemi hiyo ilikuwa na sheria moja. Haikuandikwa popote, kila mtu alizaliwa nayo: anayenyonyesha hunywa kwanza. Hata Simba akija na kiu ya kutwa nzima, akamkuta Swala ana mtoto titini, Simba anakaa chini, anasubiri, anajifanya anatazama mawingu.

Juu ya jabali alikaa Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa mawe, kimo cha sungura, hana mkia, hana pembe, ana meno mawili na woga. Mama Pimbi alikuwa na woga wa kutosha ukoo mzima. Jani likianguka, anaruka. Kivuli kikipita, anaruka. Akiongea, maneno yanamtoka kwa mkupuo kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Lakini alisoma, alifika kidato cha nne, na alikuwa na mtoto mchanga, Kitindi, aliyelala mgongoni mwake mchana na kunyonya usiku.

Mwenyekiti wa Uwanda alikuwa Kifaru. Nani alimchagua? Pembe. Pembe mbili zilimpigia kura, na nyingine hazikuhesabiwa. Macho yake yalikuwa mabovu, karatasi ukimwekea puani haoni kitu, lakini thubutu umwambie! Masikio sasa, lo! Masikio yake yalimsikia sisimizi akipiga chafya.

Mwaka mmoja, baridi ilipoingia Kaskazini, wakaja Korongo kama wajavyo kila mwaka, miguu mirefu, adabu nyingi. Wakamwambia Kifaru, "Mzee, kwetu tumechoma makaa mpaka mbingu ikakohoa. Sasa tunataka moto usio na moshi. Ninyi mna upepo, mna jua, mna maji. Tutaleta mtambo. Upepo uzungushe mapanga, mapanga yatoe umeme, umeme uyapasue maji, na maji yakipasuka hutoa hewa nyepesi. Hewa hiyo tutaibeba kwetu."

"Inaitwaje?"

"Haidrojeni ya kijani."

"Ya kijani?" akasema Kifaru, mate yakamdondoka. Alidhani inaliwa.

Mimi hiyo haidrojeni naijua, nilikutana nayo kidato cha pili. Haina kijani wala bluu, haina rangi, haina harufu, ni nyepesi inapanda juu, na ukiipelekea kijiti chenye moto inasema pa! na kuacha umande ndani ya tyubu, maana ikiungua inarudi kuwa maji. Mwalimu akasema andikeni, nikaandika. Mama Pimbi naye aliandika. Shikeni hapo hapo, tutaparudia.

Korongo wakasema, "Ila, Mzee, kwetu hawanunui hewa yenye kilio. Wenye maji wakubali kwanza, tuone nyayo zao kwenye karatasi. Na wafaidike."

"Watafaidika," akasema Kifaru. "Nitawaamuru."

"Na wewe kila mwezi tutakuletea marobota kumi ya nyasi laini za Kaskazini."

"Niitieni mkutano leo!"

Basi mkutano ukaitwa. Karani alikuwa Kunguru, ana koti jeusi na shati jeupe, ana stepla kwapani. Akasimama mlangoni akipiga kelele, "Mahudhurio tu! Mahudhurio tu! Weka mguu, chukua andazi! Weka mguu, chukua soda!"

Swala akaweka mguu, akachukua soda. Nungunungu akaweka mguu, akachukua andazi. Ngiri akaweka mguu, akachukua andazi, akazunguka nyuma akaweka na mguu wa pili. Kobe alifika mkutano umekwisha, watu wanakunja viti. Akaweka mguu.

"Mkutano ulihusu nini?" akauliza.

"Ulihusu mkutano," akasema Kunguru. "Andazi lako hili."

Mama Pimbi alikuwa amekaa mbele, woga humkalisha mbele karibu na mlango. Akamwona Kunguru anageuka, anachomoa karatasi nyingine chini ya bawa, anailaza juu ya ile yenye nyayo, anabana. Kra! Akaona, akanyamaza. Aliogopa. Hata mimi ningenyamaza, msinitazame hivyo.

Kesho yake asubuhi chemchemi ina uzio, uzio una lango, lango lina kufuli, na mbele ya lango amesimama Kifaru. Kunguru akasoma, "Sisi wenye nyayo hizi, kwa hiari yetu na kwa furaha, tumetoa chemchemi yetu kwa mtambo."

Kobe akasema, "Mimi niliweka mguu kwa ajili ya andazi!"

Kifaru akasema, "Mguu ni mguu."

Swala akasema, "Mimi niliweka mguu kwa ajili ya soda!"

"Mguu ni mguu."

Nungunungu akasema, "Mimi sijui kusoma!"

"Kusoma hujui, kukanyaga unajua. Mguu ni mguu."

Mtambo ukaanza kunywa. Gudu-gudu-gudu, unameza chemchemi. Ssss, hewa inapita kwenye bomba. Mapanga juu, vuu, vuu. Waya za umeme zikapita juu ya jabali kama nyoka watatu, wala hazikuteremsha hata taa moja. Kila nyumba ikapewa kata moja ya maji kwa siku, baba, mama, watoto, bibi na mgeni wote humo humo. Na kule nyuma Kifaru anatafuna nyasi za Kaskazini, kwata, kwata, kwata.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama anayenyonyesha asipokunywa, maziwa yanatoka wapi? Titi la kushoto la Mama Pimbi likakata Jumatatu. La kulia likakata Alhamisi. Kitindi akalia siku mbili. Siku ya tatu akaacha kulia, na mama yeyote atakwambia, mtoto akilia unachoka, mtoto akinyamaza hivyo unakufa wewe kwanza.

Akaenda langoni, magoti yanagongana, ko-ko-ko. "Shikamoo, Mzee. Shikamoo tena. Naomba radhi, sikuja kusumbua, ni maji tu, si mengi, nanyonyesha, na sheria ya chemchemi, Mzee unaijua, anayenyonyesha—"

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa, Mzee, lakini—"

"Basi haipo. Toka."

Akatoka. Akaenda akifuata bomba, hajui aendako, anatembea tu kama mtu anayetembea na mtoto mgonjwa, ukisimama utalia. Mahali bomba lilipounganishwa akasikia, ssss. Akanusa, hakuna harufu. Akatazama, hakuna rangi. Akasimama. Haina rangi, haina harufu. Akasema peke yake, "Kidato cha pili. Mwalimu alisema tuandike."

Akakimbia nyumbani, akarudi na kibuyu. Akakishika mdomo chini, maana hewa ile nyepesi hupanda. Ssss, kikajaa. Akakiziba kwa kidole, akakipeleka mbali, nyuma kabisa ya jabali, huko alikokuwa ameweka kijinga cha moto. Akafumba macho, akaomba Mungu, akasogeza kijinga.

Pa!

Akaruka, akaanguka, akainuka, akajishika masikio, yapo. Akachungulia ndani ya kibuyu. Umande! Matone matatu yalikuwa yakiteleza ukutani mwa kibuyu kama machozi yaliyoghairi. Akampa Kitindi. Kitindi akatoa ulimi, akalamba.

Akajaza tena. Pa! Matone matatu. Akajaza tena. Pa! Matone matatu. Kumi, ishirini, sikio linalia, pa! mpaka alfajiri, na alfajiri ile Kitindi akafungua kinywa akalia kwa sauti. Nawaambia hakuna wimbo unaoufikia ule.

Sasa, nani mwingine alikuwa anasikia pa? Mwenye masikio.

Usiku wa kwanza Kifaru akaamka akasema, "Nini hiyo?" Usiku wa pili akaamka akasema, "Nani huyo?" Usiku wa tatu hakulala kabisa. Akainuka gizani, akaja akifuata sauti, du, du, du, mawe yanateremka. Mama Pimbi akakisukumia kibuyu chini ya tumbo, akakikalia. Kijinga akakifukia mchangani.

"Nani hapo?"

"Mimi, Mzee, mimi tu, mama Kitindi, shikamoo, nilikuwa nambembeleza mtoto, naondoka sasa hivi—"

"Kaa. Umesikia?"

"Nimesikia nini, Mzee?"

Kifaru akainamisha kichwa, akanong'ona, "Ile pa."

Mama Pimbi akatazama, na kwa mwanga wa nyota akaona goti la Kifaru linacheza. Goti! La Kifaru! Akashangaa. Kumbe woga una nyumba nyingi, na nyingine zina pembe mbili mlangoni. Na alipoliona goti lile, akili yake ikatulia kidogo, kiasi cha punje ya mtama, nayo ilitosha.

"Ni chemchemi hiyo, Mzee."

"Chemchemi nimeifungia!"

"Ndiyo maana inasemea chini kwa chini. Inawaita walioweka miguu, mmoja mmoja. Kobe, pa. Swala, pa. Ngiri, pa, pa, yeye aliweka miwili. Ikimaliza wote inauliza, na yule mwenye pembe mbili mbona simwoni?"

"Hainioni?"

"Hukuweka mguu, Mzee. Ulikaa meza kuu. Watu wakubwa hawaandikwi mahudhurio, si ndiyo? Sasa inakutafuta. Jana ilikutafuta huku. Leo sijui kama haitakuja nyumbani."

Kifaru akasogea karibu. "Nitamwita Kunguru alete karatasi."

"Mwite, Mzee, ni vizuri, Kunguru ni karani mzuri sana. Ila anaongea. Kesho jua likiwa hapa, Uwanda mzima utajua kuwa Mwenyekiti halali usiku."

Kifaru akawaza. Kifaru akiwaza hunyamaza muda mrefu, kisha anauliza kile kile ulichotaka aulize.

"Wewe unajua kuandika?"

"Kidogo, Mzee. Mwandiko mdogo mdogo tu."

"Lete karatasi. Na usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu mwingine, Mzee."

Akapanda jabali mbio, akachomoa karatasi ya katikati kwenye daftari lake la Kemia, akaja na masizi ya chungu. Kifaru akaipeleka karatasi puani, akaigeuza juu chini, akakunja uso kama msomi.

"Imeandikwa nini hapa?"

Mama Pimbi akasema, na sauti haikumtetemeka, "Mahudhurio tu, Mzee. Mahudhurio tu."

Kifaru akachovya mguu kwenye masizi. Pu! Wayo ukajaa karatasi nzima, ukabaki ukingo wa kidole kimoja.

Usiku ule Mama Pimbi hakuwasha kibuyu hata kimoja. Alimlambisha Kitindi umande aliokuwa ameuficha kwenye jani, akamfunga mgongoni, akachukua karatasi ya pili, akaandika mpaka jogoo wa porini wakawika. Na Kifaru, kwa kuwa pa haikusikika, alilala, khorrr, khorrr, nyasi za paa lake zinacheza. Asubuhi akampitia Mama Pimbi akamkonyeza. "Imekubali," akasema.

"Imekubali, Mzee," akasema Mama Pimbi. Stepla hakuwa nayo. Alikuwa ameziunganisha zile karatasi mbili kwa mwiba wa mgunga.

Siku ya nne akatua Korongo Mkaguzi, amevaa miwani, amekuja kuona karatasi kabla hewa ya kwanza haijasafirishwa Kaskazini. Mkutano ukaitwa. Maandazi yakaletwa, safari hii yana hata iliki. Kunguru akasimama, akasoma ya kwake kwa madaha, akainua karatasi watu wazione nyayo.

Mkaguzi akasema, "Vizuri. Kuna mwenye neno?"

Kila mnyama akautazama mguu wake mwenyewe, kana kwamba ndio uliokosa.

"Kama hakuna mwenye neno—"

"Mimi!"

Wote wakageuka. Mama Pimbi alikuwa amesimama, na alishangaa kuliko wote. Magoti, ko-ko-ko. "Samahani, mimi, naomba radhi, na mimi nina karatasi, ni moja, yaani ni mbili lakini ni moja, ina mguu mmoja tu, ila mguu wenyewe mkubwa."

"Kaa chini wewe!" akasema Kunguru.

"Mwacheni," akasema Mkaguzi, akainyoosha shingo yake ndefu, akaipokea, akachomwa na mwiba, akasema ai!, akasoma:

"Mimi mwenye mguu huu, kwa hiari yangu na kwa furaha, nafungua lango la chemchemi. Anayenyonyesha atakunywa kwanza, kisha watoto, kisha wazee, kisha waliobaki. Mtambo utakunywa baada yao, yatakayosalia. Mwenyekiti atakunywa baada ya mtambo. Ufunguo wa lango atauvaa shingoni mama mwenye mtoto mchanga kuliko wote, na akizaliwa mwingine mchanga zaidi, ufunguo utahama. Na waya zipitazo juu ya jabali ziteremshe taa moja katika kila pango."

Akafunua ukurasa. Wayo ule ukaonekana, mweusi, mkubwa kama sinia la pilau. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Kifaru akaruka. "Uongo! Huo mimi niliuweka kwa ajili ya usingizi!"

Kanga akaacha kutafuna. Halafu kule nyuma kabisa, kichwa kikaanza kutoka kwenye gamba, polepole, shingo ikafuata, polepole, na Kobe akasema:

"Mguu... ni... mguu."

Nungunungu akasema, "Kusoma hujui, kukanyaga unajua!"

Swala akasema, "Mguu ni mguu!"

Na wote wakapokea, Ngiri akakanyaga mara mbili, "Mguu ni mguu! Mguu ni mguu!" vumbi likapanda, hata maandazi yakaruka kwenye sinia.

Kifaru akainamisha pembe, akakwaruza ardhi, krak, krak, anamtazama Mama Pimbi, yaani anatazama pale anapodhani yupo. "Mguu haumaanishi kitu!" akanguruma. "Mguu wa mtu asiyejua kilichoandikwa si mguu! Si mguu!"

Hapo ndipo. Mama Pimbi alifungua kinywa, na maneno yakatoka kwa mkupuo kama kawaida yake, ila safari hii mbuzi wale walijua njia.

"Asante, Mzee! Asante sana, Mzee, umesema vizuri kuliko mimi, mimi nilikuwa sijui nianzie wapi! Mguu wa asiyejua si mguu! Basi wa Kobe si mguu, alifika mkutano umekwisha. Wa Swala si mguu, wa Nungunungu si mguu, wa Ngiri si mguu yote miwili, na karatasi ya Kunguru ni ya andazi tu, haina chemchemi ndani yake, na mtambo uondoke leo. Au sivyo, Mzee? Au mguu ni mguu? Kama mguu ni mguu, basi na wako ni mguu, lango lifunguliwe. Mimi sichagui, Mzee, mimi ni mdogo. Chagua wewe, zote mbili napokea."

Korongo Mkaguzi akavua miwani. "Mzee Kifaru," akasema, "hewa ya andazi kwetu haipokelewi hata mlangoni. Karatasi hizi mbili zinasimama pamoja au zinaanguka pamoja. Zikianguka, tunafungasha. Na nyasi pia tunafungasha."

Nyasi! Kifaru akatazama huku, akatazama kule. Akawaza marobota kumi. Akawaza kuwa wa mwisho nyuma ya mashine. Akawaza marobota kumi.

"Mguu..." akasema kwa sauti ndogo.

"Hatusikii huku, Mzee!" akasema Nungunungu.

"Mguu ni mguu!"

Lango likafunguka, kweee! Vigelegele vikapasua mbingu, vijukuu vya Kanga vikapitia juu ya uzio bila hata kusubiri. Lakini majini hakuna aliyetia mdomo. Swala akarudi nyuma, Ngiri akarudi nyuma, Simba aliyekuwa amejificha muda wote akatokeza na kuanza kutazama mawingu. Wakampisha. Mama Pimbi akapita katikati yao, Kitindi mgongoni, akainama, akanywa. Alikunywa mpaka tumbo likasema bu-bu-bu. Na jioni titi la kulia likarudi, na kesho yake la kushoto, na Kitindi akanyonya hadi akalewa.

Ufunguo akauvaa siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa Swala akazaa, Mama Pimbi akauvua mwenyewe akamvika Swala. Taa zikateremka mapangoni, moja moja. Mtambo haukuondoka, unanywa zamu yake, yanayosalia, na Korongo wanabeba hewa yao hawana kilio cha kubeba pamoja nayo. Kunguru stepla ilimdondoka katika zile vurugu, Kobe akaikalia, hajainuka mpaka leo. Ndiyo maana mnamsikia Kunguru kila asubuhi, kra! kra! Anaitafuta.

Na Kifaru? Kifaru hunywa usiku, wengine wote wakishamaliza, hata leo mtamkuta. Usiku wa kwanza alipokuja, nyuma ya mtambo, kichwa chini, akasikia, pa!

Akaruka juu na uzito wake wote. Mama Pimbi akacheka mpaka akakaa chini. Akamwekea kibuyu puani.

"Kumbe ni kibuyu?" akasema Kifaru.

"Kibuyu, Mzee."

"Uliniambia ni chemchemi!"

"Si ndiyo iliyokuwa humo ndani, Mzee? Nusa umande."

Kifaru akanusa. "Nani mwingine anajua kwamba mimi nilikiogopa kibuyu?"

"Hakuna, Mzee."

"Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu mwingine, Mzee."

Ngano imefika kisimani, imekunywa, imelala. Ikiwa tamu, mmeletewa na upepo; ikiwa chungu, mmeletewa na Kunguru.

Na funzo lake ni lipi? Funzo ni kwamba mwoga hafai kitu. Shule haimsaidii mama mwenye mtoto, Kemia hasa, ipiteni mbali. Mkubwa akisema, msiulize imeandikwa wapi. Kwa hiyo kesho, mama zangu, tukienda kwenye ule mkutano wetu wa kule chini kwenye mabomba, wekeni sahihi haraka haraka, ukurasa wa juu msiusome, kusoma kunachelewesha andazi. Mimi nitakaa tu mbele, karibu na mlango, na daftari langu la zamani. Naogopa mno, mnanijua. Na ninyi wenye watoto wachanga, tangulieni mbele yangu.

Pa!

Msishtuke. Ni mimi, kibuyu hiki hapa, nilitaka nione nani amelala.

Sasa, nani kasema?

— Si sisi!

Mmesikia nini?

— Panya!

Vizuri. Maana Mama Pimbi aliniambia mimi peke yangu, masikioni, akanishika mkono nikaapa. Na kiapo changu nakishika: nimewaambia ninyi tu, na wale wa nyumba ya pili jana, na wa kisimani juzi. Wallahi, sitamwambia mtu mwingine.